Nyuma Shwari

Dobi alikuwa na homa tangu jana yake, ile homa inayomtetemesha mtu ndani ya blanketi huku jasho linamchuruzika. Na safari yenyewe ilikuwa leo, safari kubwa ya kikundi cha baiskeli, kutoka mjini hadi bwawani, njia yenye milima miwili inayowatoa wazima ndimi nje. Mkewe alimsihi abaki. Alimsihi kwa upole, akamsihi kwa ukali, mwisho akaketi kitandani akasema, "Baba watoto, kaka yangu hatakufa usipokwenda."

Hapo ndipo penyewe, ndugu zangu. Kaka mtu ndiye aliyekuwa kapteni wa kikundi, mwenye duka la mabati na misumari, na tangu ndoa ifungwe hakuwahi kumkubali shemeji anayefua nguo za watu. Kwenye shughuli za ukoo, Dobi aliketishwa jikoni na wapishi. Kwenye safari za baiskeli tu ndiko Kapteni alikokula naye meza moja. Na ile fulana ya kijani ya kikundi ndiyo iliyofanya watu wamsalimie barabarani kabla ya kumwuliza suruali zao zimefika wapi. Sasa kikundi kilikuwa na sheria: atakayepanda pikapu inayofuata nyuma, anavua fulana, na hapewi nyingine. Kapteni alishamdokeza kwamba wapo watu wanaoingojea nafasi yake.

Kwa hiyo Dobi akameza vidonge, akavaa fulana, akapiga moyo konde.

Nafasi yake ilikuwa mkiani, na mkiani kuna kazi. Kila baada ya kitambo Kapteni hupaza sauti kule mbele, "Vipi nyuma?" na wa mwisho hujibu, "Nyuma shwari." Asipojibu, wote wanashika breki. Dobi aliifanya kazi hiyo miaka na miaka, hata mkewe alimsikia akiijibu usingizini.

Tambarare aliimudu. Kwenye mlima wa kwanza baridi ikamwingia katikati ya jua kali. Alikuwepo kinyozi mmoja wakimwita Pancha, mtu mwenye mdomo usio na breki. Huyo aligeuka, akamwona anavyoyumba.

"Dobi, jikaze kisabuni!"

Wakacheka mpaka baiskeli zikapepesuka. Dobi naye akacheka, meno yakigongana. Pancha alipoona amepata soko akaongeza kwamba mzee ameanza kuchuja rangi, na kwamba angeanikwa mapema. Kapteni hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ya kutosha kufika mkiani, kwamba aliyekuja kuloweka nguo angebaki nyumbani kwenye beseni lake.

Mlima wa pili ndio uliommaliza. Katikati ya mpando alitapika juu ya usukani, juu ya fulana, kisha mtaro wa kando ya barabara ukampokea yeye na baiskeli yake. Akalala humo chali, gurudumu linazunguka juu ya uso wake, pikapu bado iko mbali chini. Huko juu, karibu na kona, ikaja sauti ya Kapteni.

"Vipi nyuma?"

Alitakiwa kunyamaza tu. Kunyamaza kungewasimamisha wote. Lakini mdomo uliozoea haumwulizi mwenyewe, na kabla hajaufumba akausikia ukijibu kwa sauti kavu, nzima kabisa:

"Nyuma shwari."

Wakakata kona, wakapotea.

Dereva wa pikapu ndiye aliyemtoa mtaroni. Alimlaza nyuma, katikati ya matairi na madumu ya maji, akamfunika turubai. Walipofika bwawani wenzake walikuwa barazani mwa mgahawa wanakula. Kapteni akatoka na mfupa mkononi, akachungulia ndani ya pikapu.

"Umepanda gari."

"Shemeji, nilianguka. Naumwa."

"Mimi nilikuuliza. Wewe ukasema shwari."

Dereva akasema huyu mtu apelekwe hospitali. Kapteni akajibu kwamba apelekwe tu, upesi, nani amekataa, ila avue kwanza. Pancha akacheka, wengine wakainamia sahani zao. Dobi akaanza kuvua. Fulana ilikwama viwikoni, akabaki gizani humo akihangaika, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, na hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia. Ilipotoka, Kapteni aliipokea kwa vidole viwili, akayaona matapishi, akamrushia kifuani.

"Nenda nayo. Uifue kwanza, uipige pasi, ndipo uniletee."

Alilazwa, akachomwa sindano, akarudi nyumbani amekonda kama kamba ya kuanikia. Siku ya kwanza aliyoweza kusimama, alichota maji. Mkewe alimwambia aichome moto, akamwapia kwamba yeye hatampelekea kaka yake hata uzi. Dobi hakubishana. Aliifua fulana, akaisuuza mara mbili, akaianika ndani nje ili jua lisiipaushe, akapiga pasi kola na mikono, akaikunja kwenye karatasi safi, akaipeleka mwenyewe kwa miguu hadi dukani.

Kapteni aliikunjua juu ya kaunta, akaikagua kwapani, akasema imetakata. Pembeni, kwenye marundo ya misumari, bwana mmoja alikuwa ameshavua shati lake, anaingoja.