Chumba cha Saruji

Mume wangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja hapa Bagamoyo, na kila jioni alirudi na habari za vyumba. Wazungu, alisema, wana chumba cha kulia, chumba cha kulala, chumba cha kukaa tu bila kazi, na kingine cha vitabu asimolala mtu. Vyote huviita "rum", na neno hilohilo hulitumia wakitaka kusema nafasi: gari likijaa, hakuna rum. Nilicheka. Kwetu Kaole, chumba kimoja cha mama ndimo nilimozaliwa, ndimo nilimowekwa mwari, na ndimo mama alimokalia eda.

Kisha akaoa mke wa pili, binti wa Miono, akamjengea chumba upande wa uani. Changu kilikuwa cha udongo. Cha mwenzangu akakisakafia saruji, akawa anakiita "rum ya mwenzio". Nikipita kwenda kisimani nilijitia kutazama kuku.

"Shikamoo, dada. Karibu ndani," mwenzangu aliniambia kila asubuhi.

"Marahaba. Hapa hapa panatosha."

Watu husema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Nilikonda hasa, bangili zikawa zinanitoka zenyewe nikifua.

Mwaka huo, katika joto la kaskazi, homa ilimshika mume wetu siku ya zamu yangu. Mgonjwa hahamishwi, kwa hiyo nikajua ni wangu mpaka apone. Nilimpikia uji, nikamkanda, na nilifurahi, Mungu anisamehe. Mwenzangu akija kumjulia hali, nilimwekea kigoda mlangoni, asisogee.

Adhuhuri moja akafumbua macho. Nikainama, nikidhani anataka maji.

"Mke wangu," akasema, "nipelekeni kule kwenye saruji. Hapa pananiunguza."

Nilitamani nijifanye sikusikia, lakini mwenzangu pale mlangoni alikwisha sikia. Tukambeba, mimi kichwani, yeye miguuni, nami nikaingia chumba kile kwa mara ya kwanza. Tukamlaza juu ya mkeka. Akashusha pumzi, akalala usingizi ambao kwangu hakuupata hata siku moja.

"Kaa, dada," mwenzangu akasema, akinisogezea mkeka mwingine.

Nilibaki nimesimama, miguu mitupu. Ubaridi wa sakafu ile ukanipanda mpaka magotini. Palikuwa pazuri kweli kuliko kwangu, na hilo ndilo nililoshindwa kumsamehe.