Ubao Wenye Nafasi ya Mtu Mmoja

Afande alifariki asubuhi, akazikwa alasiri kama Waislamu wanavyozika, na wengi wetu tulikuwa bado kwenye foleni, simu mkononi, tukisubiri zamu ya kusoma kwamba amekufa. Mimi nilifikiwa kesho yake.

Nieleze. Marehemu, polisi mstaafu wa kitengo cha mawasiliano, alikuwa na kompyuta kuukuu chumbani kwake Old Kampala. Iliendesha ubao wa matangazo wa mtindo wa zamani: skrini nyeusi, herufi za kijani, hakuna picha, hakuna mtu anayekata viuno. Tuliuingia kwa simu zetu za kisasa, kupitia programu ndogo, mmoja mmoja. Mtambo uliweza kupokea wengi. Yeye ndiye aliyekataa. "Mkiingia wote mtapiga kelele kama kuku wa sokoni," alisema. Kanuni yake ilikuwa: salimia, soma ya wenzako, andika, toka.

Tulimcheka, lakini kungoja kulikuwa na kazi yake. Msomaji mmoja wa Bwaise, maji yakiwa yamemwingilia nyumbani, alikasirishwa na makala yangu ya gazetini kuhusu mafuriko, akapanga foleni anitukane. Zamu ilipomfikia aliandika tu: "Afande, ambia huyo wa gazeti nimemsamehe, simu inaisha chaji." Kwenye mitandao mingine angenimaliza kabla sijanywa chai.

Sasa mjane wake, Hajati, anataka chumba chake. "Hii kitu inavuma kama friji, na ndani hakuna hata nyama," alituambia matangani. "Arobaini ikiisha, nazima." Tatizo ni kwamba nywila ya mtambo amekwenda nayo marehemu. Ukizimwa hauwaki tena, na yote tuliyoandikiana yanapotea. Dada mmoja wa Nakawa, fundi simu, akajitolea kunakili kila ukurasa kupitia simu yake. Alichohitaji ni laini iwe wazi. Lakini kila mwanachama ana kwaheri yake ya kuandika, na ndefu. Juzi alinipigia.

"Kaka, toka basi! Niko nangoja tangu asubuhi!"

"Namalizia kumuaga mzee."

"Mzee yuko nasoma wapi? Mimi ndio nasoma! Andika 'kwaheri' moja, toka!"

Nilitoka. Nikaelewa kwamba miaka yote tulidhani ugumu wa kanuni ya Afande ulikuwa kungoja. Kungoja mtu yeyote anaweza, ukimnyima njia nyingine. Kuondoka ukiwa bado na la kusema, ili mwingine apate nafasi, ndiko kunakotushinda, humo ubaoni na kwenye ofisi nyingi za mji huu.

Dua ya arobaini ni kesho. Dada wa Nakawa amefika nusu. Nimejaribu laini sasa hivi: ina mtu ndani, na kila niliyempigia, hata dada mwenyewe, anaapa si yeye.