Mshumaa kwenye Sakafu ya Nyumba Mpya

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, na wewe ulikuwepo, una miezi minne, umefungwa mgongoni mwangu. Jana uliponionyesha kwenye simu picha za nyumba unayotaka kununua, nyumba ya kuingia tu na vitanda vyako, nilikurudishia simu bila kuisifia. Ulidhani sikuipenda. Kumbe moyo ulikuwa umerudi Mugunga, kule kwetu chini ya volkano.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa dereva, na tulikuwa tumechoka kupanga nyumba za watu. Dalali akatupeleka kuona nyumba iliyokwisha kila kitu: madirisha ya vioo, milango inanukia mbao mpya, sebule ya kushuka ngazi tatu, sakafu ya saruji inang'aa. Mimi niliyekulia katika kibanda cha mbao juu ya mawe ya volkano, nilipigwa na butwaa. Niliona haya hata kuikanyaga kwa viatu. Wanaume walipokwenda nyuma kutazama choo, nikatandika kitenge, nikakulaza sakafuni, nikapanda juu ya kiti walichoacha mafundi kupima mapazia. Ndiyo, mapazia! Cheka tu.

Mara akaingia bibi mmoja jirani, Mhunde, mwenyeji wa pale tangu zamani, bila hata hodi.

"Toa mutoto chini! Mutoe sasa hivi!"

Hakuningoja. Alikunyakua akakimbia nawe nje. Ulikuwa umelegea, midomo imebadilika rangi, na mimi nilidhani umelala! Nilipiga yowe, nikawafuata mbio. Bibi akakupepea kwa upande wa kitenge chake mpaka ukalia. Sijasikia tena sauti tamu kama kilio kile.

Ulipotulia mikononi mwa baba yako, bibi akanishika mkono tukarudi sebuleni. Aliwasha mshumaa. Kifuani ukawaka vizuri. Akauteremsha hadi magotini, mwali ukasinyaa. Karibu na sakafu ukazimika, na hapakuwa na upepo wowote.

"Ile ni mazuku, mama, hewa ya kuua," akasema. "Inatoka mu udongo. Asubui, mbele ya upepo kuamuka, inajaa fasi ya chini. Weye ulikuya kuangalia rangi. Juu ya nini hukuuliza kama watu wanafungaka mbuzi hapa? Mbuzi inakufaka ya kwanza."

Sikuona kitu, sikunusa kitu. Ni hewa ile ile niliyokuwa nikiisifia ubaridi wake. Mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka: ardhi yetu hii inapumua, nasi tunatandika mikeka juu yake. Dalali, kwa upande wake, alikumbuka ghafla kwamba ana safari.

Basi, mwanangu, sikukatazi kununua. Umeitolea jasho nyumba hiyo. Lakini usiende kuiona saa sita mchana jua likiwaka, dalali anapopenda. Nenda alfajiri, hewa ikiwa imetulia. Kaa kwanza na majirani, uwaulize mbuzi wao wanalala wapi na kuku wao wanafia wapi. Kisha chukua mshumaa, uuwashe, uuteremshe katika kila chumba mpaka chini kabisa.

Nami nitakuja nawe. Mtoto wako atakaa mgongoni mwangu, na sitamshusha mpaka nione mwali umesimama sakafuni. Mungu akupe nyumba ambayo mwanao atalala chini bila kuogopewa, na asubuhi akuamshe kwa kilio.