Walimwibia bustani, wakaiba na kosa lake

Saa moja asubuhi mjini Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na Zuhurah Abiriga anamwaga maji ya watu.

Amesimama dirishani, anashusha chupa moja baada ya nyingine kutoka kwenye kamba. Anainusa, anaimimina uani. Mchicha uliokuwa ndani umegeuka manjano, na mizizi yake imekuwa ya kahawia, inateleza mkononi. Hii ni nyumba ya tisa tangu jana. Hakuna aliyemtuma, na hakuna atakayemlipa.

Mwenye nyumba, Viktoria Mogga, mama wa watoto wanne, anamtazama kwa wasiwasi. Wiki iliyopita shirika lililomgawia chupa na kitabu cha maelekezo lilimwambia mboga zake zimekufa kwa uzembe.

"Walisema mimi sikufuata kitabu," anasema. "Mimi nilifuata. Kila asubuhi kikombe moja ya maji ya majivu, vile kitabu iko nasema."

Zuhurah hainui macho. "Dada, kitabu ndiyo iliua hii mboga, si wewe," anajibu. Anaitingisha chupa mpaka tone la mwisho. "Na hiyo maneno ya majivu ilitoka kwa mdomo yangu."

Zuhurah, 47, ni Mnubi wa Oli, mtaa wa mji wa Arua. Kazi yake ni kutengeneza bustani za dirishani. Anachukua chupa za maji zilizotupwa, anazitoboa ubavuni, anazining'iniza kwa safu. Maji yenye chakula cha mimea yanadondoka kutoka chupa ya juu hadi kwenye beseni chini, na kila asubuhi mwenye nyumba anayachota na kuyarudisha juu. Udongo hakuna. Mizizi inashikwa na vipande vya tofali la kuchoma, alivyoviponda mwenyewe kwa nyundo.

Jua likiipiga mizizi, maji yanaota ukungu wa kijani. Kwa hiyo kila chupa anaivisha kifuko cha nyuzi za rangi, alichokifuma kama akina mama wa Kinubi wanavyofuma vifuniko vya sinia: nyekundu, njano, zambarau. Kifuko cha Zuhurah unakijua ukiwa bado njiani.

Alianza mwaka ule wa kufungiwa kwa corona. Chumba alichopanga hakikuwa na uwanja hata wa kupanda kitunguu, na mboga sokoni ilikuwa imepanda bei mpaka watu wakaiogopa. Chupa sita za kwanza zilimpa mchicha wa kulisha watoto wake watatu. Majirani wakaja kuchungulia. Baadaye walimu wa Mvara, mtaa mwingine wa Arua, wakaanza kumwita, dirisha moja shilingi elfu thelathini na tano.

Walimu hao hao ndio waliolalamika. Chakula cha mimea alikitengeneza kwa kinyesi cha sungura kilicholowekwa kwenye dramu, na sebule za watu zikanuka. Mama mmoja alimrudishia chupa zote, huku ameziba pua kwa kanga.

Zuhurah akaumiza kichwa. Jikoni mwake, kama katika jiko lolote la huku, kulikuwa na maji ya majivu yaliyochujwa, yale yanayotiwa kwenye sufuria ili kunde na bamia zilainike.

"Nikasema, kama inapenda mboga kwa sufuria, itapenda mboga kwa chupa," anakumbuka. Hacheki. "Hiyo ni akili ya mutu ya jikoni. Haina harufu, haina bei. Nikafurahi sana."

Katika wiki hiyo ya furaha ndipo Lawrence alipobisha hodi.

Lawrence alikuwa ofisa wa shirika lile la misaada. Alikuja mara tatu, na rula na kamera. Alipima umbali kati ya chupa na chupa, akahesabu matundu, akauliza kila kitu na kuandika kila jibu. Kila akija alimvisha Zuhurah kilemba cha ukoka: mama wewe ni mwalimu, mama wewe ni hazina. Zuhurah akampikia, akampa siri zote, na ile mpya kabisa, ya majivu, akampa kwa fahari.

Siku ya kumi na moja tangu atie majivu, mchicha wake ukaanza kuwa manjano.

Alijaribu tena na chupa mbili, moja na majivu, nyingine bila. Ya majivu ikafa. Majivu yanayafanya maji kuwa makali, na mizizi inashindwa kula. Siku hiyo hiyo alimpigia Lawrence.

"Nikasema, mwanangu, futa hiyo ya majivu, mimi nilikosea. Yeye akasema, mama usijali, kitabu imeenda kwa printa. Hakusema asante. Alikata simu."

Miezi mitano baadaye, binamu yake Nabila, anayeishi Koboko, alipelekwa kwenye semina akarudi na kitabu. Kina picha za rangi. Ukurasa wa kwanza unasema bustani hii ni ubunifu wa shirika. Katika picha, vifuko vimo, vya nyekundu, njano na zambarau, dirishani mwa Zuhurah. Mwenyewe amekatwa, umebaki mkono tu. Na ukurasa wa tisa, majivu.

Kaya arobaini ziligawiwa chupa. Sasa mboga zao karibu zote ni manjano, na akina mama waliokuwa wameshaacha kununua mboga wamerudi sokoni, huku wakisimangwa kwamba hawajui kutunza kitu.

Hapo ndipo mtu anapochemka. Kuiba jasho la mama wa watu ni jambo moja. Kuiba, kuonywa, kujifanya huna habari, kisha kuwatupia lawama wanawake waliokuamini, hiyo ni roho ya namna gani?

Mwandishi alimpigia Lawrence. Alisema vitabu vilipitiwa na wataalamu, na kwamba walengwa "wanahitaji kubadilisha mtazamo."

Zuhurah alipoambiwa jibu hilo aliweka chini beseni aliloshika.

"Mutazamo," alisema. "Viktoria alifuata ile kitabu kama sala. Sasa yeye iko naambiwa mutazamo."

Kwa hiyo ameacha madirisha manne ya Mvara yakimsubiri, akapanda gari kuja Koboko, analala kwa Nabila. Ana dumu la dawa yake ya kinyesi cha sungura, ambayo sasa anaifunika wiki tatu na kuichuja kwa kitambaa chenye makaa yaliyopondwa, na harufu imekwisha; ndiyo anayojazia kila chupa aliyoimwaga. Nyumba tisa zimetoka. Bado thelathini na moja.

Alhamisi shirika limeitisha mkutano wa kuwaonya walioua mboga. Zuhurah hakualikwa. Atakwenda, na chupa ya Viktoria, ile ya manjano, akaiweke mezani mbele ya Lawrence.

Je, atadai bustani yake?

"Bustani wakae nayo," anasema, huku akiifunga upya kamba ya dirisha. "Mimi nataka ukurasa ya tisa. Waandike pale: hii kosa ni ya Zuhurah Abiriga wa Oli. Na namba yangu ya simu. Ndiyo mama yoyote akiona manjano, ajue nani wa kuuliza, asilie peke yake."

Anainua dumu, anamuaga Viktoria, anakwenda nyumba ya kumi.