Sanduku la Bolti Mbili

Safari ya kwenda Ngara niliipangia siku nne, ikachukua kumi na moja. Tulipakia mahindi Isaka, pale mizigo inaposhuka kwenye treni na kupanda malori. Mimi nilikuwa utingo, na dereva alikuwa mtu mzima wa Singida aliyezungumza zaidi na gari kuliko na mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Sikutaka kulima Dodoma, na kusema kweli sikutaka kukaa mahali popote. Kahama tulizuiwa na mvua. Ushirombo tulichimbua magurudumu kwa majembe ya kuazima. Kabla ya mapori ya Biharamulo tukaambiwa tusubiri msafara, maana lori halikuruhusiwa kupita peke yake kwa sababu ya majambazi. Tulikaa hapo siku mbili, tukila mahindi ya kuchoma na kusikiliza redio ya gari. Lori lilikuwa kuukuu, lakini redio yake ilikuwa mali. Ilikamata vituo vya mbali kana kwamba mtangazaji amekaa kwenye kiti cha katikati.

Mzigo tuliushusha salama kwenye maghala ya kambi ya wakimbizi. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko wa kwanza, gia zikasaga mara moja na lori likasimama kando ya barabara, mkabala na mahema.

"Kaa na gari," dereva akasema. "Nafuata spea. Wiki mbili."

Wiki mbili zikawa miezi saba.

Mtu akiwa na lori bovu kando ya kambi hakosi majirani. Kwanza alikuja mama mmoja mshonaji, mkimbizi kutoka Burundi, akaomba kivuli cha turubai la lori kwa ajili ya cherehani yake. Nilimwita dada. Alikuwa mwepesi wa utani na mikono yake haikutulia, isipokuwa saa kumi alasiri. Saa hiyo kituo kimoja cha mbali kilisoma majina ya watu waliopoteana na ndugu zao. Redio ndogo za betri za mawe pale bondeni zilitoa mikwaruzo tu. Redio ya lori ilisikika vizuri. Kwa hiyo kila siku, ikikaribia saa kumi, watu walikusanyika kwenye mlango wa lori, na dada aliondoa mguu kwenye pedali.

Yeye alimtafuta mdogo wake wa kike. Walipoteana usiku wa kuvuka mto, walikuwa wameshikana mikono, kisha hawakushikana. Alinisimulia mara moja tu. Jina lake na la mdogo wake alikuwa ameyapeleka yasomwe, na aliamini kwamba kama mdogo wake yu hai, naye atakuwa amefanya hivyo hivyo.

Lori lisilotembea halichaji betri. Baada ya wiki kadhaa sauti ya redio ikaanza kunywea. Nikaazima baiskeli, nikaifunga betri nyuma kwa mpira, nikaenda nayo kuichaji Ngara mjini. Kwenye kilima cha Nyamiaga tindikali ikamwagika, na niliporudi suruali yangu ilikuwa na matobo kama chujio.

Dada akacheka mpaka akashika cherehani. "Mdogo wangu, ukienda mara mbili zaidi utarudi kwenu na kaptula."

Akanitilia viraka. Mimi nikaanza kutafuta sanduku la kubebea betri.

La kwanza nililipata kwa mzee mmoja mwenye duka pale mjini, wa familia za Kiislamu ambazo babu zao walitoka pwani wakifuata biashara. Lilikuwa la plastiki nyeusi, lenye mkanda na vishikio. Wageni walilitumia kwenye magari yao walipokwenda kulala porini. Lilikuwa na mshale wa kuonyesha chaji, kijani kwa nyekundu, na ubavuni matundu matatu ya kuchomeka waya.

"Shikamoo, mzee. Bei gani?"

"Marahaba. Wewe si yule kijana wa redio ya majina? Chukua kwanza, ukalijaribu. Likikufaa tutaongea. Lisipokufaa, lirudishe bila mchubuko."

Nililipenda sana. Halikuvuja tone. Lilikuwa jepesi, na ule mshale niliuangalia kila mara kama mtu aliyenunua saa mpya. Kosa langu lilikuwa kuliweka kwenye ngazi ya lori, mahali ambapo kila apitaye aliona matundu matatu na waya wa redio ukitumia moja tu.

Muuza chai akaja na taa yake ndogo ya umeme. "Jirani, hilo tundu lina mwenyewe?" Kesho yake akaja fundi wa redio na pasi yake ndogo ya kuunganishia nyaya. Muuza mitumba akaleta redio yake ya kaseti, wateja wachangamke, wakawa wanapokezana matundu mawili yaliyobaki. Nimezaliwa Ugogo. Kwetu mtu akiomba maji unampa, hata kama umebaki na nusu mtungi na mvua haijulikani itakuja lini. Sikujua kumwambia mtu hapana huku tundu liko wazi mbele yake.

Siku moja mtangazaji alikuwa katikati ya orodha. Akataja mkoa wa kwao dada, akataja na kilima cha kwao, na dada akasimama. Kisha sauti ikajikunja, ikafa. Mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Muuza mitumba alikuwa amecheza muziki tangu asubuhi.

Muuza mitumba akachomoa waya wake taratibu, akauzungusha mkononi, akaondoka bila kutuangalia. Dada alirudi kwenye kiti chake lakini hakushona.

"Husoma tena," akasema baadaye. "Baada ya wiki moja huirudia orodha ile ile. Si kweli?"

"Kweli, dada."

"Basi wiki moja."

Alfajiri nilirudisha sanduku dukani. Mzee aliligeuza kila upande akitafuta mchubuko.

"Limeharibika?"

"Hapana, mzee. Ni zuri mno."

"Kitu kizuri hurudishwa?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akifuta vumbi kwenye kifuniko, kisha akanielekeza kwa seremala mmoja Msukuma, aliyetoka Nemba kufuata kazi ya kuranda milango na madawati. "Yeye hutengeneza masanduku mazito kama dhambi," akasema, "lakini yanasimama."

Seremala nilimkuta ndani ya maranda mpaka magotini. Aliposikia natoka Dodoma aliweka randa chini afurahi vizuri.

"Mgogo anataka sanduku! Nilidhani ninyi mali yote hutia kwenye kibuyu cha ugoro."

"Na Msukuma lini alijua kitu zaidi ya mkia wa ng'ombe?" nikamjibu.

"Sema shida yako, mtani, kabla sijapandisha bei."

Alipima betri kwa shubiri. Akachagua mbao za mninga, akasema atalitia miguu minne lisikae kwenye unyevu, na kifuniko chenye vitobo ili betri ipumue. Juu atatoa bolti mbili tu, ya chanya na ya hasi. Mimi bado nilikuwa na ugonjwa wa lile sanduku la plastiki.

"Huwezi kuongeza na matundu ubavuni? Hata mawili?"

Akaniangalia. "Nikitoboa, jirani akija na waya wake utaweza kumkataza?"

"Siwezi."

"Basi acha sanduku limkataze. Lenyewe halina aibu. Redio yako ifungwe hapo kwa spana, na spana ikae mfukoni mwako."

Sitalisifu kupita kiasi. Lilikuwa zito, Nyamiaga nilisukuma baiskeli mwanzo wa kilima hadi mwisho. Halikuwa na mshale, kwa hiyo niliikadiria chaji kwa sauti ya redio tu. Tindikali ililichora madoa meusi tangu wiki ya kwanza. Kwa ubora wa kubebeka, lile la plastiki lililishinda mbali. Majirani nao hawakulipenda. Muuza chai alilizunguka mara mbili akitafuta pa kuchomeka.

"Sanduku la bahili hili," akasema.

"La Msukuma," nikamjibu. "Kamlalamikie yeye."

Akacheka, akaenda. Nilishangaa jinsi jambo lilivyokuwa jepesi.

Wiki ile, nje ya saa kumi, sikuwasha redio hata kwa taarifa ya habari. Siku ilipofika watu walikuja mapema, na muuza mitumba alikuja bila kaseti, akasimama nyuma kabisa. Mtangazaji akaanza. Akataja mkoa. Akataja kilima. Akasoma jina moja, la pili, la tatu, na sauti haikutetemeka. Jina la saba lilikuwa la mdogo wake. Alikuwa kwenye kambi nyingine, upande wa Biharamulo, na alimtafuta dada yake mshonaji.

Dada hakupiga kelele. Alikaa chini, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha sanduku, akasema, "Urakoze. Urakoze cane." Sikujua anamshukuru nani kati yetu. Nyuma, muuza mitumba alikuwa analia wazi wazi.

Ruhusa na usafiri vilichukua siku tisa. Binti alipofika alikuwa mrefu kuliko dada yake, jambo ambalo dada alilifanya kosa: "Nani amekuruhusu kunipita?" Jioni hiyo hiyo alimkalisha kwenye cherehani.

Mwezi uliofuata dereva akarudi na gia, fundi, na betri mpya. "Hiyo ya zamani itakuwa imeoza," akasema. "Itupe."

"Haijaoza."

"Basi mpe mtu."

Nikamwomba na redio, badala ya posho yangu ya ile miezi saba. Aliniuliza mara tatu kama nimeelewa ninachosema. Kisha akachomoa redio mwenyewe kwa bisibisi, akiguna.

Spana nilimpa dada. Walikuwapo wengine kumi na kadhaa waliokuwa bado hawajasikia majina yao. Yeye alikuwa ameshasikia lake, lakini aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye mfuko wa aproni ya kazi.

"Wakija na nyaya?" nikamuuliza.

"Nitawaambia ni sanduku la Msukuma."

Tuliondoka kabla ya adhuhuri, na sijarudi tena. Nimekaa miji mingi tangu hapo, hakuna uliodumu. Saa kumi alasiri ile tulikuwa ndani ya mapori ya Biharamulo, katikati ya msafara. Mbele yangu kwenye dashibodi palikuwa na shimo la mraba ilipokuwa redio, na upepo ulipenya humo ukinipuliza magotini. Dereva alitaka kuliziba kwa gazeti. Nikamwambia aliache.