Hodi ya Tatu Huko Tunguu

Niliondoka Makunduchi ili nikakatae. Barua ya chuo ilinikuta pwani, nafunga mwani kwenye kamba na Bibi, maji yametoka mpaka mbali. Nimepata nafasi ya kusomea stashahada ya ukutubi Tunguu. Wanawake wa mashamba ya jirani wakapiga vigelegele, mie nikaendelea kukaza fundo. Kazi ya kutunza vitabu niliichagua kwa sababu vitabu havikusemeshi. Sikufikiria kwamba kabla ya kuvifikia kuna maofisi, foleni, na darasa lililojaa watu nisiowajua. Nyinyi tuliosoma pamoja, ninaowaandikia daftari hili, mnanijua. Mwalimu wa historia aliniita Mwanaisha miaka miwili mizima, na mie Mwanaidi nikawa naitika "naam" ili nisimsahihishe.

Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu. Lazima isainiwe na mkuu wa idara, niende mwenyewe kwa miguu yangu, kabla ya saa sita mchana siku ya Jumatano. Isiposainiwa, nafasi anapewa mwengine.

Bibi alinitazama akasema, "Nenda ukakae siku tatu kwa dada yako Zuwena. Ukirudi ukanambia huwezi, sitokulazimisha. Lakini kitu ukikatae ushakiona."

Nikamuahidi kwamba fomu nitaipeleka. Moyoni nilishapanga kuirudisha vilevile, haina saini.

Jumatatu, saa moja asubuhi, nilipanda gari ya ami Haji, ndugu yake marehemu baba, aliyekuwa anapeleka magunia ya mwani mkavu mjini. Ami Haji ni mtu wa kuuliza swali akalijibu mwenyewe, kwa hiyo tulisafiri vizuri sana. Mpaka tunafika Tunguu nilikuwa nimesema maneno manne, na mawili yalikuwa "ahsante ami".

Dada Zuwena, mtoto wa mamangu mkubwa, alikuwa ananingoja langoni. Yuko mwaka wa pili. Alinikumbatia akarudi nyuma.

"We Mwanaidi, mbona unanuka pwani?"

"Nimekaa na magunia."

"Basi utapata nafasi foleni zote."

Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa kumsalimia mlinzi kwa jina lake. "Shikamoo mzee Foum," akasema, na mzee Foum akaitika marahaba, halafu bila ya kuulizwa akatwambia kwamba somo la saa nne limehamishwa chumba. Zuwena akaniangalia kwa pembe ya jicho. Ratiba iliyobandikwa ukutani ilikuwa bado inasema chumba cha zamani. Baadae nikaona wanafunzi kumi na kitu wamekaa kwenye kile chumba cha zamani, wanangojea somo ambalo linaendelea upande wa pili wa bustani.

Zuwena akaenda darasani, akanielekeza ofisi ya mkuu wa idara, Daktari Salma, udaktari wake wa vitabu na si wa sindano. Ghorofa ya kwanza, mlango wa mwisho. Nikasimama pale. Kwetu, kama mnavyojua, hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka. Hugongi, huchungulii dirishani, wala huulizi jirani. Basi nikapiga hodi tatu, kimya. Nikashuka ngazi nina furaha ambayo naona haya kuiandika, lakini daftari hili si la kudanganyia.

Jumatatu jioni, Mpendae. Zuwena amepanga chumba huko pamoja na Asha, msichana wa Tumbatu anayesoma nae darasa moja. Asha ana sauti ya mtu aliyezaliwa penye upepo. Kabla sijakaa alishanipa kibao cha mbuzi na nazi nzima.

"Mgeni hana zamu," Zuwena akamwambia.

"Si mgeni huyu, ni mwanafunzi mtarajiwa. Kuna, shoga."

Nikakuna. Tulikula muhogo wa nazi na samaki kwenye sinia moja, wasichana watano, kwa sababu wawili wa chumba cha pili wana zamu zao hapohapo. Wakawa wanaulizana masomo huku wanakula. Anayekosa jibu ananyang'anywa kipande cha samaki. Nilicheka mpaka Asha akanigeukia.

"Kumbe una meno," akasema. "Mie mwezi wa kwanza nililia kila siku, unajua? Nilikuwa napika peke yangu kijungu cha mtu mmoja. Ukipika kijungu cha mtu mmoja lazima ulie. Ukija, kabla hujatafuta kitabu, tafuta mtu wa kula nae."

"Kama nitakuja," nikasema.

Zuwena aliniongezea muhogo tu.

Jumanne, saa mbili asubuhi, wakanipeleka darasani. Mie nikaelekea nyuma kama kawaida yangu, Zuwena akanishika mtandio. Akaninong'oneza siri ambayo nyinyi wenye haya nawapa bure: kaeni mbele. Ukikaa nyuma, ukiulizwa kitu darasa zima linageuka kukutazama. Ukikaa mbele, hawaoni ila kisogo. Na swali lake aliliandika kwanza kwenye karatasi, kisha akalisoma kama anasoma tangazo. Mwalimu alijibu, hakuna aliyecheka. Nilikuwa sijui kwamba swali linaweza kusomwa.

Saa nne tukaingia maktaba. Hapo sasa niseme nini? Palikuwa na feni zinazozunguka polepole na harufu ya karatasi, na watu wengi wamekaa pamoja bila ya kusema, na hakuna anayewaona wana matatizo. Nikapita kwenye rafu naangalia namba migongoni mwa vitabu. Kimoja kilikuwa kimekaa pasipo pake, nikakitoa nikakirudisha kwao. Mkutubi, mama mmoja wa miwani, alikuwa ananiangalia.

"Umesoma wapi, mwanangu?"

"Makunduchi," nikasema. "Kile kilikuwa cha mimea, kimewekwa kwenye dini."

Nilijibu na nikaongeza, na sikuulizwa kuongeza. Nikatoka nje. Hapo ndipo nilipojua kwamba naitaka ile nafasi.

Nikaenda mbio mpaka ghorofa ya kwanza. Hodi. Hodi. Hodi. Kimya. Safari hii nilishuka ngazi ninalia.

Zuwena na Asha walinikuta nimekaa kwenye ukuta wa bustani. Nikawaambia kwamba Daktari Salma hayupo, jana hayupo, leo hayupo, na kesho saa sita ndo mwisho.

"Hayupo vipi?" Zuwena akasema. "Asubuhi hii nimempelekea karatasi. Ulipiga hodi?"

"Tatu. Jana tatu na leo tatu."

"Hebu piga nisikie."

Nikapiga. Zuwena akaniangalia. Asha, aliyekaa pembeni yangu tumegusana mabega, akauliza, "Ushapiga?"

Wangetaka wangenipeleka kwa Daktari wakaniombea wao. Niliwaomba hivyo. Zuwena akakataa. "Mie namaliza mwakani. Nikishaondoka atakupigia nani hodi?"

Jumanne, baada ya alasiri, tukaenda Mji Mkongwe. Zuwena alikuwa na buibui lake kwa fundi, Bi Maryam, anayekaa ghorofa ya tatu kwenye uchochoro mmoja nyuma ya Mkunazini. Mlango wa chini ni mzito, ukiugonga unaumia wewe. Unasimama chini unapiga hodi, Bi Maryam akikusikia anateremsha kikapu kwa kamba, ndani ya kikapu mna nguo yako.

"Haya, Mwanaidi," Zuwena akasema. "Ita wewe."

Nikaita. Paka aliyelala kizingitini hakufungua hata jicho. Nikaita tena. Mzee aliyekuwa anapita na baiskeli akanambia taratibu, "Binti, huyo unayemwita yuko ghorofani, au mfukoni?" Asha akakaa chini kwa kicheko. Nikataka kuondoka zangu.

Lakini Asha alipomaliza kucheka akaniuliza swali la maana. "Kwenye mwani, bibi yako akiwa shamba la mbali, na upepo unavuma, unamwitaje?"

"Namwita tu."

"Vipi?"

Sikuwahi kufikiria. Kule pwani haya hainijii, pengine kwa sababu hakuna kuta. Unaweka mkono pembeni ya mdomo, unaitoa sauti tumboni, unairefusha. Nikafumba macho. Nikaweka mkono. "Hooodi, Bi Maryaaam!"

Paka akakimbia. Madirisha yakafunguka matatu kwa pamoja, na sauti tatu zikaitika "naam". Bi wa dirisha la kulia akauliza kuna nini. Bi Maryam mwenyewe akatoa kichwa, sindano iko mdomoni, akaitoa.

"Karibu, mwanangu. Mie niko ghorofa ya tatu tu, siko Pemba."

Kikapu kikashuka. Ndani yake, juu ya buibui, mlikuwa na kashata tatu. Tulizila njia nzima mpaka kituoni, na kila tulipofika pembeni mwa nyumba Asha aliniomba nimuite mtu.

Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi. Mlango wa mwisho, ghorofa ya kwanza. Zuwena na Asha walibaki chini, waliapa hawatopanda. Mkononi nina fomu, imeshaanza kulowa jasho.

Nikapiga hodi ya kwanza. Ilitoka ileile ya siku zote, ya mfukoni. Nikapiga ya pili, ikatoka ndogo kuliko ya kwanza. Kimya. Basi nikasimama pale nikaelewa kwamba nimebakiwa na moja. Ya nne hakuna, Bibi hakunifundisha ya nne. Baada ya hii ni kushuka ngazi, na Makunduchi, na nafasi ya mtu mwengine.

Nikaweka mkono pembeni ya mdomo.

Milango yote ya ghorofa ile ilifunguka, ule wa mwisho ukiwa wa kwanza. Alisimama mama mfupi, kalamu imechomekwa kwenye mtandio.

"Naam," akasema. "Nimesikia. Nadhani na Pemba wamesikia. Karibu."

"Shikamoo, Daktari. Samahani."

"Marahaba. Wewe mtu wa mwani wewe."

Nikashangaa.

"Mie wa Jambiani," akasema. "Mama yangu alikuwa ananiita hivyohivyo kutoka majini, na mie nimejificha nasoma. Kaa."

Ofisini mlikuwa na feni moja kubwa ya kusimama, inanguruma kama mashine ya kusaga. Nikaiangalia. Nikamwambia kwamba Jumatatu nilipiga hodi tatu, na jana tatu. Aliweka kalamu chini.

"Jana nilikuwemo. Na juzi nilikuwemo. Ukarudi?"

"Hukujibu, Daktari."

"Sikukusikia, mwanangu. Kutojibu kwangu ndo ukakuona kukataliwa?" Akasaini fomu, akaigeuza, akaisaini na nyuma. "Kwa nini ukutubi?"

"Kwa sababu vitabu havisemi."

Alicheka hata akazima feni ili acheke vizuri. "Vitabu havisemi, ni kweli. Wanaovitafuta ndo wanaosema, kutwa. Na nusu yao wanasema kama ulivyokuwa unasema wewe jana. Nitamtaka mtu anayejua kuwasikia."

Nilipotoka, Asha na Zuwena walikuwa wamefika katikati ya ngazi. Viapo vyao mnaviona.

Jumatano, baada ya adhuhuri, ami Haji akanipitia Tunguu, gari tupu. Njiani nilimuuliza kama magunia yote yamenunuliwa. Alinigeukia, hakuzoea kuulizwa. Kisha tukazungumza mpaka tunafika nyumbani.

Nawaandikia haya nyinyi mtakaopata barua kama yangu. Mengine nshayasema: mlinzi na jina lake, kiti cha mbele, swali la karatasi, sinia la watu watano. Lakini lililonipeleka na kunirudisha ni hili. Mlango ukinyamaza si kwamba umekukataa. Mara nyingi ni feni tu.

Nilifika kwetu jua bado liko juu. Bibi alikuwa uani na jirani yetu Bi Mwaka, wanachambua mchele. Nikasimama mlangoni na begi langu, nikapiga hodi moja. Sikuipiga ya pwani, lakini haikuwa ya mfukoni pia.

Ungo ukanyamaza. Nikamsikia Bibi, kabla hajaniitika, anamwambia Bi Mwaka taratibu, "Haya, nitafutie mtu wa kufunga nae mwani. Huyu anakwenda."