Siku Mwalimu Sadi Alipopoteza Ukurasa

Harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa kipya bado hunikausha mate. Wengine ikiwafikia hukumbuka sikukuu. Mimi hujiona nimesimama juu ya meza mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba, mtoto wa miaka tisa, kinywa wazi na sauti hakuna. Naomba mnivumilie niwasimulie, maana kwa muda mrefu kisa hiki nilikuwa nakisimulia vibaya.

Tulikaa Nyakabanda, mtaa wa Kigali, na baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la jirani. Nguo yangu ya Maulidi aliishona kwa vipande vyeupe vilivyobaki kwenye kanzu za watu, na mikono akaiachia nafasi ya kukua, nafasi ambayo nadhani hadi leo sijaijaza. Nilikuwa nimechaguliwa kusoma mlango wa pili wa kitabu cha Maulidi, peke yangu, mbele ya watu wote. Katika chuo chetu cha Kurani heshima hiyo alipewa mwenye sauti, na sauti nilikuwa nayo. Jinsi ilivyonipotea ni habari ya shuleni, na inabidi nianzie huko.

Miezi michache kabla, wakati wa mvua, tuliletewa mwalimu mpya shuleni. Siku ya kwanza alifungua daftari, akasema Wahutu wasimame awahesabu, kisha Watutsi wasimame. Miaka ile hilo lilikuwa jambo la kawaida, ila mwalimu wetu wa awali alijaza mwenyewe bila kutuuliza. Mimi sikusimama mara zote mbili. Sikujua nisimame lini. Akanituma nikamuulize baba.

Baba aliisimamisha cherehani. Akaukata uzi kwenye sindano, kazi ya watu ikiwa bado mkononi.

"Umwambie sisi iko Waswahili," akasema. "Basi. Usiongeze neno."

Ndivyo Kigali ilivyotuita sisi Waislamu, hata kama babu yako hakuwahi kuiona bahari. Kwenye kitambulisho cha baba kulikuwa na neno jingine, nami sitaliandika hapa, kwa kuwa yeye hakutaka nilibebe. Kesho yake nikasema kama nilivyotumwa, kwa ile sauti yangu nzuri. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Haguruka," akaniambia, simama, akaniweka mbele ya ubao mpaka kengele ya saa sita, ili wenzangu wamwone mtoto asiyejijua. Wao wameketi, mimi nimesimama, macho ya darasa zima yakinipanda na kunishuka. Niliona aibu, na sikujua nimekosa nini. Tangu siku hiyo, nikisimama mbele ya watu walioketi, sauti ilinipotea.

Nyumbani sikusema. Niliyemwambia ni Mwalimu Sadi wa chuoni, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kila Alhamisi alitusomesha Maulidi akiwa amefumba macho na bado akajua nani kakosea wapi. Wiki moja kabla ya siku yenyewe nilimwomba mlango wangu ampe mtoto mwingine. Akataka sababu. Nikamweleza yote, hadi habari ya ubao.

Aliifuta miwani kwa pindo la kanzu.

"Baba yako iko anajua walikusimamisha vile?"

"Hapana, mwalimu."

"Usimwambie, itamuuma. Na mlango utasoma wewe."

Nikamwona hana huruma. Nilirudi nyumbani nikilia, nikamwambia mama nimejikwaa.

Maulidi ilisomwa baada ya alasiri, kwenye uwanja wa chuo, chini ya maturubai. Wanaume walikaa mbele, kina mama upande wa pili, na nyuma ya ukuta pilau ilikuwa ikiivishwa. Baba alikuwa mstari wa mbele, amevaa saa yake ya sikukuu, ambayo ilikuwa imesimama tangu nimjue. Mlango wa kwanza ulipokwisha nikapandishwa mezani. Nikatazama. Watu wote wameketi, nyuso zimeinuliwa kwangu. Nikafungua kinywa na hakikutoka kitu. Mtu akakohoa. Nikamwona baba ameinamisha kichwa, na hilo liliniumiza kuliko yote, maana nilidhani ananionea haya.

Hapo Mwalimu Sadi, aliyekuwa ameketi karibu na meza na kitabu mkononi, akainuka akaanzisha salamu za kiyamu.

Kwa wasiozijua shughuli hizi, Maulidi husomwa watu wameketi, mpaka ifike habari ya kuzaliwa kwa Mtume. Hapo wote husimama, mzee na mtoto, tajiri na mchukuzi, wakamsalia pamoja. Hiyo ndiyo kiyamu, na mahali pake panajulikana. Sisi tulikuwa bado mlango wa pili. Mzee Juma, mkubwa wa msikiti, akasema wazi, "Sadi, bado." Mwalimu akaendelea. Watu wangefanyaje? Salamu zile zikianza huwezi kubaki chini. Wakainuka mmoja mmoja, wakitazamana, kisha wote. Baba akainuka. Mzee Juma mwenyewe akainuka. Hakuna aliyeulizwa yeye ni nani asimame lini. Nikajikuta naitikia pamoja nao, na sauti yangu ikawa imerudi bila mimi kuiita.

Salamu zilipokwisha, kabla watu hawajakaa, Mwalimu aliniambia taratibu, "Soma yako sasa. Bado wamesimama."

Nikasoma mlango wangu wote, na hakuna aliyekaa mpaka nilipomaliza.

Baada ya pilau wazee walimweka Mwalimu kati. Mzee Juma alisema kuvuruga Maulidi mbele ya wageni ni aibu ya msikiti mzima. Mwalimu Sadi alivua miwani.

"Munisamehe," akasema. "Nilipoteza ukurasa. Macho iko inazeeka."

Wakaamua palepale kwamba mwaka ujao usomaji utaongozwa na mtu mwingine. Mimi nilisikia, nikaamini. Nyumbani niliwachekesha wadogo zangu kwa kumwigiza Mwalimu anavyopapasa kitabu kutafuta ukurasa, mpaka baba akasema, "Acha, Mwamini," bila kunieleza kwa nini.

Mwaka uliofuata Maulidi haikusomwa. Mwalimu Sadi aliuawa mwezi wa nne, mauaji ya Watutsi yalipoanza, pale pale chuoni, pamoja na watu aliokuwa amewafungulia mlango wajifiche. Waliopona wanasema waliamriwa wasimame wajitenge, hawa huku na hawa kule. Mwalimu hakuinuka. Aliambiwa mara ya pili, akabaki ameketi.

Nilikuwa mtu mzima, na mwalimu wa watoto mimi mwenyewe, siku mwanafunzi wangu mmoja alipokwama mbele ya wenzake na kunitazama. Hapo ndipo nilipokumbuka zile Alhamisi na macho yaliyofumbwa. Mtu yule hakuwa na ukurasa wa kupoteza. Kitabu kizima kilikuwa kichwani mwake.

Asante sikuwahi kumpa. Alipokuwa hai nilimwigiza, watu wakacheka.